Mwenye nyumba yuko makazi ya wazee: Nani anauza?

Buseresere ina nyumba za aina moja ambazo kila mtoto wa mtaani anazijua. Kufuli limeshika kutu, nyasi zimefika dirishani, na mwembe wa uani unaangusha maembe ambayo watoto huokota bila kuulizwa na mtu. Ukiuliza mwenyewe yuko wapi, majirani hujibu kwa kifupi: “Bibi alichukuliwa na ustawi wa jamii. Yuko kwenye makazi ya wazee.”

Chukua mfano wa mume na mke wanaopita mbele ya nyumba hiyo kila siku. Baba anafanya kazi kwenye karasha la kusaga mawe ya dhahabu upande wa Rwamgasa. Mama anauza dagaa na nyanya sokoni Katoro. Wana watoto wanne na wamepanga vyumba viwili, kodi inapanda kila mwaka. Jioni moja dalali anawafuata.

“Kaka, shemeji, ile nyumba ya bibi inauzwa. Mwanaye amekubali milioni 6. Lakini fanyeni haraka, kuna mtu wa mgodini ameshaiulizia.”

Vyumba vitatu, bati zima, kiwanja kikubwa, milioni 6. Ni bei ya kutupa. Fedha wanayo, waliiweka kidogo kidogo kwa miaka mitano. Usiku huo mama halali, anahesabu wapi atalala nani.

Familia nyingi za ukanda huu zimewahi kusimama mahali hapo. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Geita na watu milioni 1.7. Sensa ya 2022 ikaukuta na karibu milioni 3. Watu wanaongezeka na dhahabu inaleta fedha za haraka, kwa hiyo nyumba iliyofungwa haikai muda mrefu bila kuulizwa. Lakini kabla ya kuhesabu noti, kuna swali moja ambalo dalali hakuligusa: bibi mwenyewe anasemaje?

Kwa nini nyumba iko tupu

Serikali inaendesha makazi ya wazee katika mikoa mbalimbali. Kwa familia za Geita na Shinyanga, yanayotajwa zaidi ni Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, na Bukumbi, wilayani Misungwi mkoani Mwanza. Huko mzee anapata mahali pa kulala, chakula na matibabu kwa gharama ya serikali.

Si kila mzee anapelekwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inasema familia ndiyo yenye jukumu la kwanza la kumtunza mzee, na makazi ni njia ya mwisho kwa asiyejiweza na asiye na wa kumtunza. Anayeanzisha safari hiyo ni afisa ustawi wa jamii, baada ya kupata taarifa kutoka kwa mtendaji, mwenyekiti au jirani mwema.

Kwa hiyo bibi akiwa Kolandoto huku mwanaye anauza nyumba Buseresere, tayari kuna jambo la kuuliza. Kama alipelekwa kwa sababu hakuwa na wa kumtunza, huyu mwana ametokea wapi? Huenda jibu ni jema. Huenda alikuwa machimboni kwa miaka mingi, amerudi na anataka kurekebisha mambo. Huenda pia amerudi kwa sababu ya nyumba tu.

Kuna sababu nyingine ambayo Kanda ya Ziwa inaifahamu, ingawa watu huizungumza kwa sauti ya chini. Katika mikoa ya Shinyanga, Geita, Mwanza na Simiyu, wazee, hasa wanawake wajane, wameuawa au kufukuzwa makwao kwa tuhuma za uchawi. Macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi. Ukweli wa kiafya ni kwamba macho ya bibi aliyepika kwa kuni au kinyesi cha ng'ombe miaka 50, kwenye jiko lisilo na dirisha, huwa mekundu kwa moshi. Watetezi wa haki za wazee wameeleza mara nyingi kwamba nyuma ya baadhi ya tuhuma hizo kuna shamba au kiwanja ambacho mtu alikuwa anakimezea mate.

Hivyo mnunuzi anayejua kwa nini nyumba iko tupu amejua nusu ya anachonunua. Nyumba aliyoikimbia bibi kwa hofu, ikiuzwa na ndugu walewale waliomtisha, ni mali yenye kesi ndani yake. Atakayeingia humo atailipa kesi hiyo pamoja na watoto wake.

Kuondoka si kuuza

Mzee akiingia kwenye makazi ya serikali hapotezi umiliki wa nyumba yake. Hakuna karatasi ya ustawi wa jamii inayompa mwanaye, mjukuu wake au mwenyekiti haki ya kuuza.

Katika nchi nyingine mambo ni tofauti. Nchini Uingereza, katika sehemu ya England, mtu anayehamia nyumba ya wazee moja kwa moja huweza kuhesabiwa thamani ya nyumba yake kabla serikali haijamsaidia, na mwenye mali inayozidi pauni 23,250 kwa kawaida hujilipia. Marekani, tangu 1993, sheria inayataka majimbo kudai sehemu ya gharama za matunzo ya muda mrefu kutoka kwenye mali ya marehemu aliyekuwa kwenye mpango wa Medicaid. Kwetu hakuna utaratibu wa namna hiyo. Dalali akisema “serikali ndiyo inayoiuza, kufidia matunzo ya bibi”, familia iombe barua ya ofisi na kuipeleka halmashauri kuhakikisha. Mara nyingi hadithi huishia hapo.

Watoto nao hawamrithi mtu aliye hai. Hapa wengi hudanganyika kwa sababu karatasi inayoletwa ina sura ya heshima: muhtasari wa kikao cha ukoo, majina kumi, dole gumba na muhuri. Muhtasari huo una kazi yake mtu akishafariki, wakati wa kumpendekeza msimamizi wa mirathi ambaye mahakama itamthibitisha. Mwenye nyumba akiwa hai, kikao cha ukoo hakiwezi kuuza hata dirisha lake.

Hata hati ya uwakilishi, ile ambayo mzee anampa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, ina mwisho. Ikiwa aliyeitoa amefariki, au amepoteza uwezo wa akili, mamlaka hayo hukoma. Kwa hiyo hati iliyosainiwa miaka minne iliyopita haitoshi. Familia inahitaji kujua hali ya mzee leo.

Kuna jambo lingine ambalo wanunuzi na ndugu huchanganya. Kwa ardhi ya kimila kijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu ardhi iliyokaa bila kutumika kwa miaka isiyopungua 5 kutangazwa kuwa imetelekezwa. Lakini serikali ya kijiji lazima kwanza itoe notisi, impe mwenyewe nafasi ya kujieleza, na iangalie sababu za kuondoka kwake. Mwenyekiti hawezi tu kusema “bibi ameshaacha” na kugawa. Bibi aliyechukuliwa na gari la halmashauri akiwa mgonjwa ana sababu ya kueleza.

Akili ya mzee, macho ya mzee

Sheria ya Mikataba inataka pande zote mbili ziwe na akili timamu. Mkataba na mtu asiyeelewa anachofanya hausimami. Sheria hiyo hiyo inazungumzia ushawishi usiofaa, na inamtaja waziwazi mtu ambaye uwezo wake wa akili umeathiriwa na umri, ugonjwa au msongo wa mwili au akili. Ukimbana mtu wa namna hiyo akuuzie kwa bei ya chini, mkataba unaweza kubatilishwa. Nyumba inarudi, na milioni 6 zinatafutwa kwa aliyekwisha kuzitumia.

Uzee peke yake si ugonjwa wa akili. Utafiti uliofanyika katika vijiji vya Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa 2013, ulionyesha kwamba miongoni mwa wenye miaka 70 na zaidi, takriban 6 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Kwa hiyo wengi wao wanajua vizuri nyumba yao iko wapi, ina miti mingapi na nani anaitaka. Kudhani kwamba bibi “hajielewi tena” kwa sababu ana miaka 80 ni njia ya kumnyang'anya huku mtu akijiona mstaarabu.

Madaktari wanapotaka kujua kama mtu anaweza kuamua jambo, huangalia mambo manne: kama anaelewa anachoambiwa, kama anakikumbuka kwa muda wa kutosha kuamua, kama anapima faida na hasara, na kama anaweza kueleza uamuzi wake kwa njia yoyote. Kwenye nyumba, maswali yake ni ya kawaida kabisa. Ni nyumba ipi inayouzwa? Kwa bei gani? Fedha zitafanya nini? Ukiuza halafu ukataka kurudi Buseresere, utalala wapi?

Swali la mwisho ndilo zito. Mzee anayelijibu kwa maneno yake mwenyewe ameelewa anachouza. Mzee anayeitikia “ndiyo, ndiyo” kwa kila kitu hajajibu bado.

Afya ya mzee pia hupanda na kushuka. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, kukosa maji mwilini au dawa mpya vinaweza kumfanya aweweseke kwa siku kadhaa, kisha akatulia kabisa akipona. Anayemwona siku hiyo mbaya atasema bibi amechanganyikiwa. Mwenye haraka atampa karatasi aweke dole. Ndiyo maana safari moja haitoshi. Aende mara mbili, wiki kadhaa zikiwa zimepita katikati, aone kama jibu ni lile lile. Shaka ikibaki, daktari aombwe ampime na aandike alichokiona.

Macho na masikio pia yanahusika. Mtoto wa jicho humfanya mzee mwenye akili timamu ashindwe kuona hata namba kwenye mkataba. Mkataba usomwe kwa sauti, polepole, na kama lugha yake ni Kisukuma au Kizinza, usomwe kwa lugha hiyo na mtu asiye na maslahi kwenye mauzo. Kisha mzee aurudie kwa maneno yake.

Lipo na jambo la upweke. Mzee aliyekaa miezi bila mgeni, akatembelewa na watu wenye sukari, sabuni na kanga mpya, anaweza kukubali chochote ili warudi tena. Zawadi si kosa. Lakini siku ya zawadi isiwe siku ya kusaini.

Safari ambayo dalali hatapendekeza

Familia ya mfano huu ikiamua kufanya mambo sawasawa, kituo cha kwanza ni ofisi ya kijiji. Waulize ardhi hiyo ni ya nani kwenye kumbukumbu, ina hati ya kimila au imepimwa kama kiwanja cha mji, na kama ina mgogoro. Kwa ardhi ya kijiji, uhamisho unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Kama kiwanja kimepimwa, ukaguzi unafanyika ofisi ya ardhi. Muhuri wa mwenyekiti kwenye karatasi ya mauziano ni ushahidi kwamba mwenyekiti alikuwepo. Hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali.

Kituo cha pili ni majirani wa zamani, hasa akina mama wa rika la bibi. Hao ndio wanaojua kama babu aliacha mke mwingine, kama kuna mtoto wa nje, kama bibi aliondoka kwa heri au usiku. Babu akiwa bado hai, hata kama waliachana kwa vitanda tu, kumbukeni kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.

Kituo cha tatu ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ya wilaya. Yeye ndiye anayeweza kusema mzee yuko makazi gani na kwa utaratibu upi anaweza kutembelewa. Kama alipelekwa Bukumbi, safari imekuwa rahisi tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025. Hakuna tena kusubiri kivuko. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ni fedha ndogo sana ukilinganisha na akiba ya miaka mitano.

Wakifika, waanze kwa salamu na waende taratibu. Wasimwite “muuzaji”. Ni mama wa watu, “mayu”, na amekaa kwenye ile nyumba kabla wao hawajazaliwa. Waombe kuzungumza naye mbele ya ofisa wa makazi, na kwa muda fulani mwanaye asiwepo. Mtoto mwenye nia njema hatakasirika kwa hilo.

Kama ikionekana mzee kweli hana tena uwezo wa kuamua, mauzo hayawezi kuendelea kwa dole gumba. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 imeweka njia ya mahakama kumteua mtu wa kusimamia mali ya mgonjwa. Ni njia ndefu, lakini hati itakayotoka huko itasimama. Kwa wasio na fedha za wakili, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri inaweza kuelekeza wanakopatikana.

Fedha ziingie wapi

Mambo mengi huharibika siku ya malipo. Noti zinahesabiwa sebuleni kwa dalali, mwana anachukua begi, bibi anapelekewa kitenge na shilingi elfu hamsini. Mwaka unaofuata mjukuu mwingine anafungua shauri baraza la ardhi.

Malipo yapite mahali panapoacha alama. Akaunti ya benki ya mzee mwenyewe ndiyo bora. Kama anatumia simu, iwe laini iliyosajiliwa kwa jina lake na inayokaa mkononi mwake. Mkataba utaje bei kamili, si nusu kwa lengo la kukwepa kodi, maana bei ndogo iliyoandikwa leo itasomwa kesho kama ushahidi kwamba bibi alipunjwa. Masuala ya kodi yaulizwe TRA kabla ya kusaini, na iandikwe nani analipa nini.

Bei nayo iwe ya haki. Kama nyumba za mtaa ule zinauzwa milioni 14 na hii ni milioni 6, zile milioni 8 zilizopungua zimetoka kwa mtu. Zimetoka kwa bibi.

Kuna njia ya tatu

Wengi hudhani mambo ni mawili tu, kununua au kuacha. Lakini nyumba iliyofungwa inaweza kupangishwa. Familia inaingia kwa mkataba wa mwaka mmoja au mitatu, inafyeka nyasi, inaziba bati linalovuja, na kodi inaingia kwa mzee kila mwezi. Nyumba isiyokaliwa huoza haraka, na iliyo na watu haiwezi kuitwa imetelekezwa. Bibi anapata fedha za dawa na nauli, na anajua bado ana kwao. Akija kuamua kuuza baadaye, wapangaji wa kwanza kuulizwa ni waliomtunzia.

Njia nyingine ni kuuza huku mkataba ukimpa mzee haki ya kubaki na chumba kimoja maisha yake yote. Wapo wazee wasiotaka makazi kabisa. Walienda kwa sababu hakukuwa na wa kuwachotea maji. Familia yenye watoto wanne ikiwa upande wa pili wa ukuta, maji yanapatikana.

Na kwa wenye wazazi

Wazazi wanaosoma haya kwenye simu zao wengi ni watoto wa wazee pia. Kama mama yako yuko Kolandoto au amehamia kwa dada yako Kahama, nyumba yake isibaki bila mtu wala karatasi. Barua fupi kwa ofisi ya kijiji, ikisema ameondoka kwa matibabu, nani anaangalia nyumba na kwamba hajaiuza, ni kinga kubwa. Mzungumzeni naye akiwa bado na kumbukumbu nzuri, aseme anataka nini kifanyike, na iandikwe. Mkisubiri mpaka asahau majina yenu, kila mmoja atadai kwamba yeye ndiye aliyeambiwa.

Familia ya mfano huu inaweza kumkosa bibi huyo na nyumba hiyo. Inawezekana mtu wa mgodini akawahi na milioni 6 taslimu. Watarudi kwenye vyumba viwili, na watoto watalala watatu kitanda kimoja kwa mwaka mwingine. Hilo linauma. Lakini akiba yao itakuwa bado ipo, na hakuna mtu atakayewagongea mlango miaka minane baadaye na karatasi ya mahakama.

Au wanaweza kufika, wakaketi naye kwenye benchi chini ya mti, na kabla hawajafungua mdomo kuhusu nyumba, bibi akauliza kama ule mwembe bado unazaa. Hapo watajua kwamba nyumba ile bado ina mwenyewe. Mazungumzo ya kweli yaanzie hapo.